Nilivyomchagulia Mwende Programu ya Muziki

Mimi ni fundi wa sauti katika studio ndogo hapa Kileleshwa. Kazi yangu ni kurekodi kwaya na matangazo ya redio, na hayo nayajua. Wiki iliyopita alikuja mteja anayeitwa Mwende, ambaye hutengeneza muziki wa kompyuta wenye ngoma za kasi zilizokatwakatwa. Alitaka tumsaidie kuchagua kati ya programu mbili. Bosi wangu, Mutua, aliniuliza kama naujua muziki huo. Nilikuwa nimemwomba aniruhusu nifundishe darasa la studio, kwa hivyo nikasema naujua sana.

Mwende alizipiga ngoma zake kwenye kompyuta yetu, kwa programu ya kwanza. Zilikwenda mbio, lakini zilinyooka. Kwenye ya pili zilianza vilevile, kisha zikavunjika vipande: ta-ta-ta-ta, bila kupumua. Nikafumba macho na kuitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

"Hii ndiyo programu," nikasema. "Sikia vile inakata. Hiyo ingine ni ya kwaya."

Mwende alinitazama tu. Nikadhani nimemvutia, nikamwita Mutua aje asikie. Nikamweleza kwamba mdundo kama huo unahitaji masikio yenye mazoezi.

Mutua alisikiliza kwa heshima. "Na inaisha saa ngapi?" akauliza.

Mwende akasukuma kipanya. Mshale kwenye skrini haukusogea.

"Haiishi, boss," akasema. "Hii kompyuta yenu imehang."