Kufunika au Kuacha Wazi

Mtu aliyeponea chupuchupu kuuawa kwa sababu ya kifuniko ana haki ya kusema neno moja juu ya vifuniko. Wenzangu wa rika langu, ukiwauliza ile miaka ya uhuru na uasi waliifanyia nini, watakuambia habari za siasa, watakuambia walivyokimbilia milimani. Mimi nilikuwa nagombana na mke wangu juu ya samaki. Mtanisamehe, ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa karani wa magazini, yaani ghala, ya pamba hapa Uvira, kando ya ziwa, na nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Songo. Nilivaa tai. Hata Jumamosi nilivaa tai, na joto la hapa mnalijua. Mkubwa wangu wa kazi, Mzungu mmoja mwenye pumu, alikuwa na wazimu wa samaki: si wa kula, wa kuangalia. Aliwavua wadogo wadogo kule kwenye mawe ya ufukweni, wenye milia ya manjano na ya buluu, akawaweka sebuleni katika sanduku la kioo lenye kifuniko cha kioo, akavuta kiti akawatazama mpaka chakula chake kikapoa. Uhuru ulipofika na Wazungu wakaanza kuvuka mpaka, aliniita akaniambia, "Nakuachia hawa. Wewe ni mtu mstaarabu." Neno hilo ndilo lililoniponza. Kulikuwa na kabati zuri pale pale, la mninga, nami sikuliangalia hata mara moja.

Tulilipitisha sanduku mtaa wa Kimanga juu ya mkokoteni, mchana kweupe, mimi mbele na tai yangu. Watu walitoka madukani. "Karani, leo unahamisha ziwa?" Kifuniko sikukiweka mkokotenini, nilikibeba mwenyewe mikononi ili kisivunjike. Basi mtu mmoja akanisalimia kwa heshima, "Jambo, bwana mukubwa!", nami nikainua mkono kumjibu, kama waziri. Vipande vyake nadhani viko pale mpaka leo.

Ndipo swali lilipoanza: sanduku la samaki lifunikwe ama likae wazi? Kwa kuwa kifuniko sikuwa nacho tena, niligundua ghafla kwamba kuacha wazi ndiyo njia bora. Nilimweleza mke wangu kwamba samaki wanapata hewa kwa juu ya maji, na kwa kuwa kwetu hakuna umeme wa kuzungusha mashine ya kuwapulizia hewa kama kwa Mzungu, ukifunika unawanyima pumzi. Tena likiwa wazi unawaona migongo. Na kusema kweli, hoja ya pumzi ilikuwa sahihi. Hiyo ndiyo ilinitia kiburi zaidi.

"Weye," mke wangu akasema, "mayi itakaa wazi mu nyumba yangu?"

Kwetu maji hayakai wazi. Mtungi una kifuniko, ndoo ina sahani juu yake, na maji ya mgeni huletwa yamefunikwa, mwenye nyumba akaonja kwanza mbele ya macho yake. Si usafi peke yake. Watu wanaogopa sumu, na mwanamke anayeacha maji wazi husemwa kwamba ama ni mvivu, ama ana jambo lake. Sasa sebuleni kwetu kulikuwa na maji ya ndoo kadhaa, wazi kwa ulimwengu wote. Wageni walikaa, wakatazama samaki, wakasema ni wazuri kweli, na chai hawakuigusa. Mimi nikasema ni wivu.

Samaki nao hawakunisaidia. Walikuwa wanaruka. Asubuhi mke wangu akifagia alikuta mmoja chini ya kiti, amekauka, akaniwekea juu ya meza karibu na kikombe changu bila kusema kitu. Halafu kulikuwa na kazi ya maji yenyewe. Tulikuwa tunayabadilisha mara kwa mara. Nasema "tulikuwa": mimi nilikuwa nasimamia. Aliyeshuka ziwani na ndoo kichwani ni yeye, tena kwa wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza.

Mama mkwe wangu akafika kutoka kijijini kwao Mutarule kumwona binti yake. Alikaa kwenye kiti kilicho mbali kabisa na sanduku. Hakunywa. Hakula. Alifungua kitambaa akatoa muhogo wake wa kuchemsha, akautafuna huku anawatazama samaki, na wao wanamtazama. Alipomaliza akanigeukia.

"Mukwe wangu, minye sina neno na samaki. Lakini mutoto yangu anasemwa kila fasi. Hii kitu ifunikwe. Kama haifunikwe mbele ya yeye kuzaa, nitakuja kumuchukua, azalie kwetu. Na kama atarudi ama hatarudi, tutaona."

Nilimtazama mke wangu ili anitetee. Alikuwa anatazama sakafu. Pale nikaogopa, kwa maana alikuwa mwanamke wa kusema, na alipokuwa hasemi jambo lilikuwa limeshaiva. Nilimpenda sana mke wangu. Naomba niliseme wazi, kwa sababu ukiangalia matendo yangu ya wakati ule usingejua.

Basi nikafunika. Nilikata ubao mwembamba wa tripleksi, nikautoboa tundu katikati, nikapitisha waya wa shaba ili uwe mshikio. Mimi fundi wa kalamu tu. Mshikio ukatoka mrefu kama mkono wa mtu, umesimama wima, unatikisika. Mke wangu akatandika kitambaa chake cha maua juu ya ubao, waya ukachomoza katikati ya maua. Alifurahi. Wageni wakarudi kunywa chai. Samaki ndio wakaanza kupanda juu na kutweta, midomo wazi, na moyo wangu ukashindwa. Akienda sokoni, nafunua. Nikisikia kandambili zake uani, nafunika.

"Uko unafunua," akaniambia.

"Mimi? Hata."

"Kitambaa kinajua kujipinda chenyewe?"

Mtu msomi mzima, nilikuwa nadanganya juu ya kitambaa.

Halafu uasi ukaingia Uvira. Wapiganaji wake walikuwa wamerushiwa maji ya dawa na mganga wao. Wakipiga kelele "Mayi!", risasi inageuka maji, mradi washike masharti: wasiguse mwanamke, wala maji mengine yasiwaguse, wala mtu asiye na dawa asiwaguse. Mjini walikuwa wanatafuta vitu viwili, makarani wenye tai, waliohesabiwa kuwa watu wa Wazungu, na foni, ile redio ya kuongea na askari wa serikali. Tai yangu nilikuwa nimeizika nyuma ya jiko, na kwa jinsi nilivyosimama pale kwa huzuni jirani aliniuliza kama tumefiwa na mbwa. Foni sikuwa nayo, kwa hiyo nilijiona salama. Kilichonisumbua ni mama mkwe, kwa maana binti yake asingemficha kwamba nafunua: siku za kuzaa zilikuwa zimekaribia, na njia ikifunguka tu, angekuja. Mke wangu alikuwa ameshafunga nguo zake katika kitenge, fundo liko mlangoni mwa chumba. Sikuthubutu kuuliza ni za kwenda kuzalia, ama ni za kwenda moja kwa moja.

Wapiganaji waliingia kwetu asubuhi, mkubwa wao na mmoja mwenye kipande cha ngozi ya chui kichwani. Mkubwa akaona sanduku. Akaona kitambaa. Akaona waya umesimama.

"Foni!"

"Hapana, mukubwa. Ni samaki."

"Samaki mu foni?"

"Hakuna foni, mukubwa. Ni samaki tu."

"Fungua!"

Mwenye ngozi ya chui akainama karibu ili aone vizuri. Nami nikafunua haraka haraka, kwa woga, na samaki waliokuwa gizani wakashtuka kwa mwanga. Mmoja akaruka. Alimpiga yule mpiganaji kifuani, chapwi, akaanguka sakafuni. Maji yakashuka polepole mpaka kwenye kitovu chake.

Akatazama kifua chake. Akanitazama mimi. "Ameniharibia dawa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Kisha akainua bunduki.

"Hii mayi iko ya nini?" mkubwa akafoka. "Nani alikutuma?"

Sasa, mtu mwenye akili angepiga magoti. Mimi, haki ya Mungu, nikaanza kueleza. Niliwaeleza habari za hewa na uso wa maji. Nikawaeleza faida za kufunika na hasara zake. Nikasema "oksijeni". Mtutu wa bunduki uko kwenye koo langu, na mimi nasema oksijeni.

Mke wangu akatokea, tumbo mbele. Wote wawili wakarudi nyuma mpaka ukutani, kwa ajili ya masharti.

"Mukubwa, musimuue. Ule ni bwana yangu. Akili yake ilienda na Muzungu yake." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Anaamka asubuhi anawaambia samaki bonjour. Minye na hili tumbo ananituma ku ziwa kuchota mayi ya samaki. Samaki ya ziwa, mukubwa! Ziwa iko pale! Nikienda soko anawafunua, anazania sijue. Mama yangu hawezi kunywa hata mayi mu hii nyumba."

"Munawakula wakati gani?" mkubwa akauliza.

"Hatuwakule."

"Hata moja?"

"Hata moja. Mwenye kufa, anamuzika."

Wakatazamana. Kicheko kilianza kwa mkubwa, kikampata na yule mwenye kifua kibichi, wakacheka mpaka wakashikilia ukuta. Mkubwa akakata shauri kwamba maji ya mtu mwenye wazimu hayahesabiwi, dawa iko nzima. Bunduki ikashuka. Mimi nilikuwa bado nimeshika ubao wangu, na mnajua nilikuwa nawaza nini? Nilitaka kukanusha lile jambo la kuzika. Nilitafuta katika maneno yake yote uongo mmoja tu niokolewe nao, nisiwe mjinga mbele ya watu wale, na sikuupata. Machozi nayo, nilikuwa nayajua machozi yake ya kuigiza. Haya hayakuwa yale.

Mlangoni mkubwa akageuka. Aliona lile fundo la nguo.

"Na weye mama, na hilo tumbo, unakaa na muntu kama huyu? Kwenu hakuna?"

"Kwetu kuko."

"Sasa mbona hauende?"

Jibu hilo nililiogopa kuliko nilivyoogopa bunduki. Mke wangu akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akanitazama, kuanzia miguu isiyo na viatu mpaka ubao mkononi.

"Nitamuachia nani?" akasema.