Sanduku la Mama Mkwe

Mimi, Papa Yohani, nakiri aibu yangu ya juzi bandarini Albertville. Nina shahada ya falsafa kutoka Rumi, lakini hapa mimi ni mgeni kutoka Usumbura, na kazi niliyopata ni upagazi. Mama mkwe wangu, aliyebaki kwetu, aliambiwa kwamba nina biro, yaani ofisi yangu mwenyewe. Kwa heshima ya ukwe, hatukuwahi kutazamana usoni wala kuzungumza.

Meli ilipofika, nikajitwika sanduku la mama mmoja. Njiani nikaanza kuhema.

“Papa, unachoka mbio!” akanicheka. “Ungeona mukwe wangu! Mukubwa wa biro. Anaita tu, watu wanakimbia.”

“Mama, huyo anawadanganya,” nikamjibu. “Pengine anabeba mizigo kama mimi.”

“Funga kinywa! Wewe na yeye ni mbingu na inchi.”

Nikamhurumia binti yake kwa kuolewa na mwongo. Hata aliponielekeza mtaa wangu kwa anwani aliyoandikiwa na binti yake, mimi, msomi wa mantiki, sikushtuka. Nilishtuka alipobisha mlango wangu.

Mke wangu akafungua, akatutazama wote wawili, akapiga makofi.

“Mama! Kumbe Papa Yohani amekuja kukupokea yeye mwenyewe!”

Sanduku lilikuwa bado kichwani.