Nobuyo wa Miki na herufi aliyoificha chini ya mpini

Saa moja na nusu asubuhi, Nobuyo Kamei anaishika fimbo ya gofu na kuipulizia hewa ya moto shingoni, pale kichwa kinapoungana na mpini. Anahesabu kimyakimya. Gundi inapolainika, anavuta mara moja, moja kwa moja, bila kuzungusha. Kichwa kinabaki mkononi mwake.

Ni draiva, fimbo ndefu kuliko zote, ile ya kupigia mpira wa kwanza. Mwenyewe, Mzee Okuda, mfanyakazi mstaafu wa posta, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Jana alijaribu mipini mitatu iliyofunikwa herufi kwa utepe mweusi, akachagua mmoja. Utepe ulipobanduliwa, ilikuwa R.

"Dada Nobuyo, una hakika hukunichezea?"

"Utepe uliubandua mwenyewe, mzee."

"S nimeitumia tangu nina nywele."

"Nywele zimeshakwenda. Na S iende."

Mzee Okuda anacheka mpaka chai inamwagika.

Herufi hizo huonyesha ugumu wa mpini. S ni mgumu, wa mtu mwenye mkono wa kasi. R ni laini kidogo, na A ni laini zaidi. Katika mji wa Miki, Japani, wazee hucheza na wenzao walewale kwa miaka thelathini, na kila mmoja anajua nini kimeandikwa kwenye fimbo ya mwenzake. Mtu hukubali haraka kwamba magoti yanamuuma. Kukubali R humchukua muda.

Nobuyo ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka kumi na tisa aliwabebea wachezaji fimbo katika kiwanja kimoja cha vilimani, hadi goti la kushoto lilipokataa. Fundi Hirose alimpokea dukani kwake, na mwaka wa kwanza wote kazi yake ilikuwa kufagia na kubadilisha raba za mishikio ya fimbo. Miaka sita iliyopita fundi alihamia kwa binti yake na kumwachia duka.

"Aliniachia na wateja wake," anasema. "Hao ndio nusura niwapoteze kwa ujinga wangu."

Ilikuwa majira ya kuchipua, miaka miwili iliyopita. Mzee Sadakichi Kuwata, mnoaji wa misumeno aliyekuwa na miaka sabini na mitano, alitaka draiva mpya yenye mpini wa S. Nobuyo alimtazama akipiga. Mkono ulikuwa umepungua kasi, na mipira ilikwenda chini, ikipinda kulia. Alimshauri R. Mzee hakutaka hata kuisikia.

Nobuyo akafunga R. Kisha akaugeuza mpini ili maandishi yatazame chini, mahali ambapo mpigaji hayaoni. Hakumwambia mzee.

Mpira ulikwenda mita ishirini zaidi. Kwa wiki tatu Mzee Kuwata alijisifu kwa "S yangu". Siku moja, wakila wali na mchuzi wa kari baada ya mchezo, Okuda aliichukua ile fimbo na kuigeuza.

"Kuwata, tangu lini S inaandikwa hivi?"

Jioni hiyo Mzee Kuwata aliiweka fimbo juu ya meza ya Nobuyo.

"Sijakasirika kwa sababu ya R," alisema. "Nimenoa misumeno miaka hamsini na miwili. Msumeno usipoweza kukata mti anaoutaka mteja, namwambia usoni. Wewe umenifanya mtoto."

Aliondoka, na wenzake kumi na mmoja wakamfuata. Wateja wa Nobuyo walishuka kutoka thelathini kwa mwezi hadi kumi na wawili. Alianza kuulizia kazi ya kuosha vyombo hotelini.

"Nilitamani kujitetea kwamba mpira ulikwenda mbali," anasema. "Lakini yeye hakuniuliza habari za mpira."

Mwezi wa sita alinunua boksi la keki za maharage matamu, akaenda kuomba radhi. Mke wa mzee, Mama Tokie, alifungua mlango.

"Yuko nyuma, ananoa na kununa," alimwambia. "Pita tu, mwanangu. Miezi mitatu sasa, nimechoka naye."

Nobuyo aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mzee hakulitazama boksi.

"Alhamisi njoo kiwanja cha mazoezi," alisema. "Lete S, R na A. Utazifunika herufi mbele ya watu wote, nami nitapiga nichague. Ukinidanganya tena, nitakunoa wewe."

Alhamisi hiyo wazee walikaa mstari mmoja kwenye benchi. Nobuyo alifunika herufi, Okuda akaichanganya mipini. Kichwa kilikuwa kilekile, kikahamishwa kutoka mpini hadi mpini, mipira kumi kwa kila mmoja.

Kwa mpini wa tatu mlio ulibadilika. Mipira ikapaa, ikanyooka.

"Huu," alisema Mzee Kuwata, na kuubandua utepe mwenyewe.

Ilikuwa A. Laini hata kuliko R.

"Hiyo si ya akina mama?" mmoja aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Basi leo mama amekushinda mita kumi na tano," Mzee Kuwata alimjibu. Benchi zima likaangua kicheko. Kisha akamgeukia Nobuyo. "Funga, na herufi ikae juu. Waione wote."

Tangu siku hiyo kila anayenunua draiva kwa Nobuyo huchagua hivyo, akiwa ameelezwa kwanza. Wazee wote wamerudi, na wengine wameleta wake zao.

Mwaka huu Mzee Kuwata na wenzake watatu wamerudisha leseni zao za kuendesha gari kwa sababu ya umri, na kufika dukani kumekuwa kazi. Nobuyo ameshapata gari dogo la mizigo lililotumika. Kabla ya majani kuanguka anataka kulifungia meza ya kazi nyuma, na kila Alhamisi awapitie na kuwapeleka mmoja mmoja hadi kiwanja cha mazoezi.

"Walikuwa na haki ya kutorudi, wakarudi," anasema. "Sasa ni zamu yangu kuwafuata."