Tunda Lililoitwa Kalori

Admin, naomba ufiche jina langu. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe.

Jambo hili nimelificha tangu miaka ya tisini. Mke wangu alikufa bila kulijua, na anayenilisha leo kwa mikono yake ndiye ninayemficha kuliko wote. Nina miaka themanini na kitu, niko kitandani hapa Lodwar, koo limeziba nusu, na daktari amesema wazi kwamba hakuna la kufanya tena. Naandika kwa kidole kimoja. Mnivumilie.

Anayenilisha ni mke wa mwanangu, nitamwita Nyibol. Wazazi wake walitoka Sudan Kusini, naye alikulia kambini Kakuma. Kila asubuhi ananipondea papai na ndizi, kisha anapiga hesabu kwenye simu, kwa kuwa hospitali imemwagiza nisipungukiwe kalori. Juzi nilimwambia papai ni maji tu.

Akacheka. "Baba, hata sasa bado unapimia watu chakula? Fungua mdomo."

Nikafungua.

Kupima chakula ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilisomea lishe hadi chuo kikuu, nikapelekwa Kakuma na shirika moja la misaada, kambi ikiwa bado changa. Mahindi, maharagwe na mafuta ya mgao vilipaswa kumpa kila mtu kalori za kutosha, na kwenye hesabu zangu zilitosha. Kilichonikera ni akina mama waliotoka ghalani na kwenda moja kwa moja kwa wanawake wa Kiturkana waliokaa nje ya lango, wakabadilisha mahindi kwa nyanya na mboga kutoka mashamba ya Katilu. Bakuli la mahindi lina kalori kushinda karai la nyanya. Kwangu ule ulikuwa ujinga mtupu.

Nikaitisha mkutano. Nilisema kwa Kiswahili cha darasani, "Msitupe chakula chenu. Tafuteni chakula chenye kalori." Wakatafsiriana, huyu kwa yule.

Waturkana wana mti wanaouita ekalale. Una matunda madogo ya mviringo, matamu yenye ukakasi, na watoto huyatafuna siku nzima. Mimi ni mtu wa kuja, sikuujua mti huo. Wao hawakuijua kalori. Kwa hiyo habari iliyoenea kambini ni kwamba mzee wa chakula amesema watu watafute ekalale.

Siku ya mgao iliyofuata, mahindi yalikuwa yanamwagwa kwenye mabeseni ya wauza matunda. Mmoja wao akaniona, akanisalimia kwa Kiturkana. "Ejok, Mzee Kalori. Umetuletea soko. Na wewe mwenyewe, hununui?" Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mkubwa wangu alikuwa amekuja kutoka Nairobi siku hiyo. Aliuliza wanacheka nini, akaelezwa, akacheka kuliko wao. Alirudi Nairobi na kicheko hicho, na jina hilo likanibaki.

Ndipo nikawaagiza askari wa lango: atakayebadilisha mahindi kwa matunda, anyang'anywe matunda.

Wa kwanza kuletwa ofisini kwangu alikuwa Achol, mama yake Nyibol. Askari alifungua pembe ya shuka lake, akayamwaga matunda mezani. Achol hakulia.

"Mzee, ni wewe ulisema kalori. Mimi nimetafuta kalori."

"Hii si kalori, mama. Hii haina kitu."

"Iko na kitu. Mtoto yangu Deng, fizi inatoka damu, mguu hawezi kusimama. Akikula hii, anaamka kidogo."

"Anakosa nguvu kwa sababu unauza mahindi yake. Wewe ndiye unayemwua."

Alinitazama kama mtu anayesomewa hukumu. Halafu akaitikia kwa kichwa na kuondoka mikono mitupu. Aliniamini. Nilikuwa nimesoma.

Hakununua tunda tena. Alimpikia mtoto mahindi kila siku, na Deng akafa kabla ya mgao mwingine. Nilikwenda msibani na unga na sukari, watu wakasema mzee ana utu. Miaka mingi baadaye, mwanangu alipotaka kumwoa Nyibol, Achol alikubali upesi. Alisema binti yake anakwenda nyumba ya mtu aliyemwonya, ila yeye alichelewa kusikia. Alikufa akiamini hivyo.

Nyibol naye anaamini. Nimemsikia akiwaambia wajukuu zangu, "Bibi yenu hakusoma. Alimpa mjomba wenu vitu visivyo na kitu, mpaka akafa." Ndiyo maana anapiga hesabu zangu kwa uangalifu hivyo. Anasema hatarudia kosa la mama yake kwangu.

Sasa nauliza. Nikimwambia, nitaondoa mkono pekee unaonilisha, na huenda nikavunja nyumba ya mwanangu. Nikinyamaza, Achol atabaki kaburini na kosa langu, na wajukuu zake watakua wakilirithi. Ninyi mnaonisoma, mngekuwa mimi mngefanya nini? Na mngekuwa Nyibol, mngetaka kujua?

Lakini msinijibu kwa kunihurumia, mkisema sikujua. Ugonjwa wa Deng unaitwa kiseyeye. Niliusoma chuoni, na dawa yake ni matunda mabichi kama yale. Niliutambua pale pale, Achol alipotaja fizi. Ningeweza kumwita kabla hajafika langoni. Nilifunga mlango wa ofisi, nikakaa, na yale matunda ya Deng nikayala mimi, moja moja, mpaka yakaisha.