Pole ya Kapteni

Mama aliposhuka kwenye ndege hapa Minnesota, kabla hata sijamvalisha koti, aliniuliza kutoka hapa mpaka Uingereza ni mwendo gani. Nikadhani safari imemchosha. Nikamwambia, Mama, kwanza tufike nyumbani, ule, ulale. Akanikata jicho.

"Sikuja kulala," akasema. "Nina ujumbe wa baba yangu."

Ujumbe wenyewe niliujua, kwetu hakuna asiyeujua. Babu yangu, baba yake Mama, alipigana Burma upande wa Waingereza, katika kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kumfuata kapteni mmoja Mwingereza. Kapteni alitangulia mbele kabisa, akapanda kilimani, akaangalia makombora yanaangukia wapi, kisha akawaambia wapiga mizinga walioko nyuma wasogeze kulia au kushoto. Babu alimbebea simu ya upepo na betri zake, mzigo wa kumvunja punda mgongo. Siku moja ya mvua kombora la adui likawaangukia wao. Kapteni alijeruhiwa vibaya tumboni. Babu akaitupa ile simu, akambeba mgongoni, akateremka naye kwenye tope mpaka mtoni kwa watu wa machela. Walipompokea alikuwa wa baridi, macho yamefumba, na mmoja wao akatikisa kichwa. Kikosi kikasonga mbele. Nani angerudi kumwambia askari mweusi yaliyofuata?

Kwa hiyo babu alijua kwamba kapteni amemfia. Na kwa babu, mtu akikufia mikononi, hata kama humjui, unakwenda kwao. Unaingia, unatoa pole, unakaa chini na kuwaeleza alisema nini, aliomba maji au hakuomba. Mama alikuwa bado msichana lori lilipopinduka darajani karibu na kwao, na dereva, mtu wa mbali, akakata roho huku babu amemshika kichwa. Babu akamchukua Mama, wakaenda mpaka kwa wafiwa, mahali kwa miguu, mahali kwa kudandia magari. Mjane aliuliza swali moja tu: mume wangu alikuwa peke yake? Babu akamwambia hapana, nilikuwepo. Mama akisimulia habari hii huigiza sauti ya babu, nzito, ya taratibu, na mimi hapo hapo naisikia harufu ya moshi wa jikoni kwetu, njegere ziko motoni, baridi ya nyanda za juu imebana, na babu amejikunyata kwenye kigoda na blanketi lake la jeshi. Nimekaa Marekani miaka mingi, nimezoea theluji, lakini baridi ninayoikumbuka ni ile.

Sasa Uingereza utakwenda kwa lori gani? Babu alichoweza ni kumpa mwanawe wa kiume jina la kapteni, jina la ukoo la Kizungu, ambalo padre alilikataa kwa kuwa hakumjua mtakatifu yeyote wa jina hilo. Babu akamwambia yeye anamjua. Ndiye mjomba wangu huyo, na mpaka leo akijitambulisha watu humwomba arudie. Babu alipokaribia kuaga dunia alimwita Mama, kifungua mimba wake, akamkabidhi maneno ambayo kapteni aliyasema mgongoni mwake siku ile. Sisi wengine hatukuambiwa. Maneno yale ni ya wafiwa, wao ndio wa kwanza kuyasikia. Akamwagiza, ukifika kwa Wazungu, nenda kwao ukawape pole.

Basi kwa Mama hesabu ilikuwa rahisi. Marekani ni kwa Wazungu, na Uingereza itakuwa mtaa wa pili.

Ningelichukua jambo hili polepole kama si kichwa cha Mama. Nafanya kazi na wazee katika hospitali moja huku Maplewood, dalili nazijua. Alianza kuacha sufuria motoni na kwenda dirishani kutazama theluji. Alimwita binti yangu kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, binti akamjibu kwa Kiingereza, naye akanigeukia amekasirika, "Huyu mtoto ananitukana?" Daktari akatuambia lile tulilokuwa tunaliogopa. Lakini Mama hakuogopa kusahau majina yetu, jamani, nasema kweli. Aliogopa kusahau maneno ya kapteni. Akimenya viazi nilimsikia akiyarudia chinichini kama mwanafunzi wa mtihani, nikikaribia, ananyamaza. Asubuhi moja alikwama. Kisu kikabaki hewani, midomo inatafuta. Hata kumkumbusha nisingeweza, maana sikuyajua. Yalirudi baadaye, chai ikiwa imeshapoa, lakini tangu siku ile nilijua kwamba hatuna muda.

Tukaanza kwenda maktaba Saint Paul kila Jumamosi ambayo sina shifti. Mama alivaa kanga juu ya koti, maana alisema koti halina adabu, na alibeba maandazi kwenye mfuko kwa ajili ya mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitusaidia pale. Kula mle ndani ni marufuku. Yule mama aliyala akiwa amejificha nyuma ya kompyuta, makombo yote yamemwagikia kifuani, kisha akatugeukia na uso wa kazi. Nampenda mpaka leo kwa hilo.

Kwanza tulimtafuta babu. Hakuna. Yule mama akatueleza kwa upole kwamba maaskari wa Kiafrika ni kazi ngumu kuwapata, ila maofisa wao wanapatikana, maana wao waliandikwa vizuri. Yaani mtu umetoa ujana wako, umebeba betri za watu milimani, halafu kukupata wewe sharti atafutwe bwana wako kwanza? Nikalalamika njia nzima. Mama alinisikiliza akachoka.

"Wewe nawe," akasema. "Si huyo huyo Mzungu ndiye tunayemtafuta?"

Tukaingia kwenye tovuti ya makaburi ya vita ya Waingereza, tukaandika jina la mjomba. Wakatoka wengi. Mmoja baharia, mwingine rubani, mwingine kafia jangwani. Wa mizinga aliyefia Burma hakuwepo. Tukajaribu jina kwa namna nyingine, tukajaribu India, ambako majeruhi walipelekwa. Kila aliyefunguka Mama alimtazama, akasema si yeye, lakini Mungu amrehemu, twende mbele. Tukitoka tulivuka mto mpaka mtaa wa Phillips, kwenye maduka ya Waafrika, kununua dagaa na unga, tukarudi gari zima linanuka, kioo tumekishusha kidogo na baridi inatukata masikio, Mama ananisimulia mambo ya kwao. Alinisimulia jinsi babu alivyowapanga watoto mstari kwenda kuchota maji na kuwaamuru kijeshi, na bibi akimcheka. Nilikuwa naona tunapoteza muda, na kumbe zile ndizo zilikuwa siku zetu. Leo nazitamani mno.

Yule mama wa maktaba akatushauri tuulize kwenye mtandao mmoja wanapokutana wazee na watoto wa wale wapiga mizinga wa zamani. Nikaandika. Akajibu mzee mmoja wa huko Uingereza, kwa ufupi, mtu wa heshima: mnamtafuta makaburini, lakini vita havikumuua. Alipona, akarudi kwao, akawa mwalimu wa hesabu, na mimi mwenyewe alinifundisha. Alifariki mzee, kitandani kwake. Binti yake mkubwa yuko hai, na mkitaka nitamwuliza kama niwape namba yake.

Nikamweleza Mama jikoni. Alikunja kitambaa cha vyombo, akakikunjua.

"Alikuwa hai," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Akafundisha hesabu."

"Ndiyo."

"Na baba yangu kila mwaka anamwombea misa ya marehemu. Na mdogo wangu tumempa jina la marehemu." Akasonya, msonyo mrefu wa kwetu. "Salamu hata moja hakuleta? Mtu amekubeba mgongoni!"

Akanuna. Namba ikaja, hakutaka kuisikia. Mtu amefia kitandani, amezungukwa na watu wake, alisema, mimi nikampe pole ya nini? Hata mimi nilikasirika. Nilimwona babu kwenye kigoda chake, anamlilia mtu ambaye saa hiyo hiyo anasahihisha madaftari ya watoto. Kilichonitisha zaidi ni kwamba Mama aliacha kuyarudia yale maneno. Viazi vilimenywa kimya. Nikajua yakipotea sasa yamepotea moja kwa moja, na hakuna duniani atakayejua yalikuwa nini.

Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka siku nilipoamka nikamkuta sebuleni, amejitanda kanga nyeusi, ameketi chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kama aliyeko msibani.

"Yule mjane wa dereva," akaniambia, "hakuuliza mumewe amekufaje. Aliuliza kama alikuwa peke yake. Hata huyu binti hajui kama baba yake siku ile alikuwa peke yake. Mpigie."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Ikapokea sauti ndogo, ya mtu mzima sana. Nilipomwambia Mama kwamba huyu anamzidi umri, aliinama kwenye simu akasema, "Shikamoo, dada." Nikamfundisha yule bibi kuitikia, akaitikia kwa shida, na Mama akaanza. Mimi nilitafsiri. Alimpa pole ya baba yake. Akamweleza kilima, mvua, kombora, tope. Akamwambia kwamba yuko mzee nyumbani kwetu anayeitwa kwa jina la baba yako, na ana wajukuu. Yule bibi akawa anaguna tu. Kisha akauliza taratibu, je, baba alisema kitu? Kwa sababu kwetu hakuwahi kusema. Alirudi mtu mkimya, hakupenda kushikwa wala kushika. Nilimwuliza mara nyingi habari za huko, akawa anasema hakumbuki.

Mama akafumba macho. Niliomba Mungu yasimkimbie.

"Alisema kwa Kiswahili," Mama akasema, "maana alikuwa amejifunza. Alisema, nina mtoto nyumbani sijamwona. Usiniache hapa, nina mtoto sijamwona. Alilirudia hilo mpaka mtoni, huku analia. Baba yangu akamwambia utamwona. Lakini alikuwa anamdanganya, hakutegemea kwamba atafika naye."

Nilitafsiri mpaka mwisho, sijui kwa nguvu gani. Yule bibi akasema, mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa nimezaliwa yeye akiwa huko. Maisha yangu yote nilidhani alirudi akanikuta mgeni nyumbani kwake. Akalia, na Mama naye akalia pale kwenye mkeka, kwa kilio cha chini kwa chini, na wala sikuwa na haja ya kuwatafsiria.

Tulipokata simu Mama alijifunua ile kanga, akaikunja vizuri.

"Salamu angeleta," akasema, bado ana kinyongo chake. Kisha akanishika mkono. "Lakini haya. Sasa hata nikisahau, si neno."

Na akasahau kweli, tena upesi kuliko nilivyotegemea. Kiangazi kilichofuata tulikuwa tumekaa barazani, akaniuliza huyo kapteni ninayemtaja ni nani. Nikamsimulia yote tangu mwanzo, maana sasa na mimi nayajua. Akasikiliza kwa makini kama habari za watu wengine, akawa anatikisa kichwa kwa huruma. Nilipofika mtoni akanikatiza.

"Na yule mtoto," akauliza, "alikuja kumwona?"

"Alimwona, Mama," nikamwambia. "Walionana."