Mikono Iliyoinuliwa Baray

Stumai hakutegemea kupendwa. Alikuja Baray kutoka Singida kulima vitunguu vya watu, akajenga kibanda upande wa vibarua, akazaa, akamzika mume wake hapohapo. Lakini wenyeji waliendelea kumwita mgeni, kana kwamba ameshuka kwenye basi jana.

Ugomvi uliletwa na bomba. Kijiji kilikuwa na bomba moja la maji ya kunywa, na mwaka ule wa kiangazi kikali maji yakawa yanatoka kwa kusuasua. Mwenyekiti Hhando akaitisha mkutano mkuu wa kijiji. Stumai alikwenda mapema, akakaa mbele. Marehemu bibi yake alikuwa akimsimulia habari za enzi za mtemi, ambapo mtu wa kawaida alipiga magoti, akasikiliza, akaondoka. Kwenye shamba kubwa la kahawa kule Karatu, alikoanzia kibarua, mtemi alikuwa nyapara. Mkutano wa kijiji ndio mahali pekee alipowahi kuambiwa kwamba mkono wake una uzito sawa na wa mwenye shamba.

Hhando hakuzunguka mbuyu.

"Maji hayatoshi. Wapo wanaosema wenyeji wachote kwanza, wageni wachote yakibaki. Mnasemaje?"

Stumai akasimama. "Mwenyekiti, bomba hili tulilichimbia mtaro sote. Mimi nilichimba nikiwa na mimba."

"Kaa chini!" sauti ya mwanamke ikapazwa kutoka nyuma. "Ulilipwa ujira, hukupewa kijiji!"

Watu wakacheka. Kisha wakapiga kura kwa mikono, na mikono ikaota kama mtama. Kati yake Stumai aliuona mkono wa Lusia. Huyo Lusia ndiye ambaye Stumai alikuwa akimlimia vitunguu msimu baada ya msimu. Walikula chungu kimoja shambani, na Lusia ndiye aliyemkanda alipojifungua mtoto wa mwisho. Macho yao yalipokutana, Lusia alitazama chini. Mkono haukushuka.

"Wengi wameamua," akasema Hhando. "Hii ndiyo demokrasia."

Kuanzia siku hiyo wageni walichota jua likishazama, maji ya tope, na siku nyingine hawakupata hata hayo. Mtoto wa Patrisi, kibarua mwenzake kutoka Dodoma, akaugua tumbo, akanusurika kufa. Patrisi alikuja kwa Stumai akiwa na hasira.

"Twende wilayani tukashitaki."

"Watatuambia kijiji kimeamua," Stumai akasema. "Patrisi, vitunguu vimekomaa. Nani atavivuna?"

Patrisi akamtazama, kisha akaelewa.

Asubuhi iliyofuata hakuna kibarua aliyekanyaga shamba. Wenye mashamba walidhani ni mchezo. Siku zilivyosogea, mawingu yakaanza kujikusanya juu ya milima, na kila mkulima wa Baray anajua kitunguu kilichokomaa kikinyeshewa ardhini huwa kinakuwaje. Hapo chuki ikavua nguo. Mashine ya kusaga ikakataa mahindi ya wageni. Mawe yalirushwa juu ya bati la Stumai mchana kweupe, na waliorusha hawakukimbia. Mgambo akaja kumchukua, akampeleka mbele ya Hhando.

"Wewe ni mchochezi," Hhando akasema. "Unapinga uamuzi wa wananchi."

"Sijaupinga, mwenyekiti. Nachota jioni kama mlivyosema."

"Na kazi?"

"Kuhusu kazi hamkupiga kura."

Hhando akamtukana kwa Kiiraqw, lugha ya wenyeji, akamfukuza ofisini.

Lusia alikuja mwenyewe, akasimama nje bila kupiga hodi.

"Stumai, vitunguu vyangu vitaoza. Unajua nimekopa."

"Uliinua mkono, Lusia."

"Wale ni ndugu zangu! Ningekaa nao vipi kama nisingeinua?"

"Na mimi hawa ni watoto wangu. Watakunywa nini?"

"Ningejua hivi ulivyo, nisingekuingiza ndani kwangu."

"Nami ningejua, nisingeingia."

Lusia akageuka. Stumai aliingia ndani, akakaa kwenye kitanda, akalia kwa kubana mdomo ili majirani wasipate cha kufurahia.

Baadhi ya vibarua walishindwa na njaa, wakarudi kazini kwa kujificha. Lakini hawakutosha. Mvua ya kwanza iliponyesha na mashamba ya bondeni yakaanza kunuka uozo, Hhando akaitisha mkutano mwingine. Watu walewale wakainua mikono ileile: bomba liwe la wote, saa zote. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyemwangalia Stumai usoni.

Vitunguu vilivyobaki vikavunwa. Lusia alileta vibarua wapya kutoka Mbulu, na mpaka leo akipishana na Stumai njiani huvuka upande wa pili. Bombani wanawake humwachia nafasi pana kama mwenye ukoma, na siku moja mmoja wao aliipiga teke ndoo yake ikiwa imejaa. Stumai aliiokota, akaisuuza, akarudi mwisho wa foleni.

Patrisi alimfuata huko.

"Tuhame, dada. Hapa hatutakiwi."

"Hama wewe," Stumai akasema, macho yakiwa kwenye bomba. "Mimi mkutano ujao nakaa mbele tena."