Siku Mama Alipopita Tundu la Ngome

Wakati bado naogopa shimo la choo na mbwa wa katekista, kulikuwa na kitu kimoja nilichokiogopa kuliko hivyo vyote: tundu la ngome yetu, kule juu ya Mkuu, Rombo. Nasema yetu kwa sababu ilikuwa ndani ya kihamba cha ukoo, katikati ya migomba na kahawa, na mbuzi wa Bibi walipanda juu ya ukuta wake walivyotaka.

Usifikirie ngome kubwa. Lilikuwa duara la mawe meusi ya mlima, jiwe juu ya jiwe, bila saruji wala udongo, na bado huwezi kupenyeza kisu katikati. Ukuta ulimzidi urefu mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Mangi mmoja wa zamani, yaani chifu wetu, aliwajengesha vijana wa rika zima, enzi watu wa mlimani walipokuwa wakivamiana na kuporana ng'ombe. Mlango haukuwa mlango. Lilikuwa tundu chini kabisa ya ukuta, refu kama kitanda, giza tupu, unaingia kwa kutambaa na kutokea ndani. Upande wa nyuma ukuta ulishaanguka zamani, kwa hiyo mtu angeweza kuzunguka akaingia anatembea, mikono mfukoni. Lakini aliyetafutiwa ukweli hakuruhusiwa kuzunguka.

Maana watu waliamini tundu lile linajua. Mwongo akiingia, mawe yanambana. Mkweli anapita. Na mfano walikuwa nao: Terezia, mke wa kwanza wa baba mkubwa Sirili, kaka yake baba. Aliambiwa kaweka kitu kwenye pombe ya mbege ya Bibi, mama mkwe wake. Akapitishwa, akanasa, wakamvuta kwa miguu, na jioni hiyohiyo akarudishwa kwao Chekereni. Sisi watoto tulilijua jina lake kabla ya kujua kusoma.

Sasa mama yangu hakuwa Mchaga. Baba yake alitoka Singida kuja kukata miwa kwenye shamba la sukari kule chini ya Moshi, mama akazaliwa kambini, na baba yangu akamkuta huko anauza maandazi. Bibi hakumtaka. Mama akipika mtori wa ndizi mzito, Bibi hali. Akipika mwepesi, hali. Miaka yote niliyokuwa na akili, Bibi alikuwa akimwita "huyu wa kwenye miwa", hata mwenyewe akiwepo.

Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kujaa sokoni: mitumba, redio, mifuko ya nailoni ya kila rangi. Mama aliteremka tambarare na wanawake wenzake kukata majani ya ng'ombe, akapanda nayo kichwani, na kwa wema wake akapeleka mzigo mmoja kwa baba mkubwa, ambaye mkewe wa pili alikuwa mgonjwa. Ng'ombe akala. Baada ya siku chache akavimba tumbo, akafa. Baba mkubwa alisema ni sumu, akamzika yule mnyama mzimamzima kwa kuogopa nyama, kisha akatangaza kwamba Krismasi ikipita, ukoo wote ukiwa bado nyumbani, mama atapita tundu. Akinasa, anarudi kwenye miwa, na watoto wanabaki, kwa kuwa watoto ni wa ukoo. Watoto wenyewe ndio mimi, Oliva, na mdogo wangu.

Baba alikuja kutoka Dar es Salaam, alikokuwa na biashara, na mimi nikajua tumepona. Wapi! Mbele ya kaka yake, baba yangu hakuwa na mfupa. Alisema tu, "Ukweli utaonekana, Mama Oliva." Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo nakunja uso, na baba amezeeka na ninampenda.

Mimi sikuwa na shaka na ukweli wa mama. Shaka yangu ilikuwa makalio. Mama yangu alikuwa mnene, sisemi kajaajaa, nasema mnene, na mkanda wake wa kiunoni mimi niliurukia kama kamba. Usiku nililala nikilipima tundu kichwani, na kila nikipima, mama habaki na nafasi.

Wakachagua siku ambayo paroko alikuwa amekwenda Moshi, kusudi asisikie. Utaratibu ulikuwa mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo akae ndani, upande wa pili wa tundu, kumpokea anayepita. Huyo ndiye Bibi. Nilipomwona anazunguka nyuma ya ukuta na mkongojo wake, nilikata tamaa kabisa.

Mama alivua viatu, akakaza kanga, akanikabidhi mdogo wangu. "Mshike, asije akanifuata." Akapiga magoti, akafanya ishara ya msalaba, akasali Salamu Maria kwa sauti yake ya kawaida, kisha akaingiza kichwa.

Hapo ndipo ikatoka sauti ndani ya mawe.

"Mama Oliva."

Sikuwahi kumsikia Bibi akimwita mama hivyo.

"Toa kichwa. Geuka. Mtu wa nyumbani anatanguliza miguu."

Mama akajirudisha, akageuka, akalala kifudifudi, akaingiza miguu. Baba mkubwa akasogea. "Mama, unamfundisha! Hiyo siyo haki."

"Wewe Sirili ulishapita humu?"

Baba mkubwa akarudi hatua moja nyuma.

"Au baba yako alipita? Wanaume mlibaki nje na mikuki. Walioingia humu ni wanawake na watoto na mbuzi. Mimi nilionyeshwa na mama mkwe wangu, na yeye alionyeshwa na wake. Utanifundisha mlango wangu?"

Miguu ikapotea. Kiuno kikafika, kikasimama kidogo, na nadhani hakuna aliyepumua, hata wale waliokuwa wanamtakia mabaya. Mama akajinyonganyonga. Kiuno kikaingia. Mwisho ukabaki uso wake, unanitazama mimi, halafu nao ukazama.

Nilizunguka ukuta mbio na mdogo wangu kiunoni. Nilimkuta mama amesimama, vumbi tupu, utando wa buibui kwenye nywele, na Bibi anampangusa mgongo kwa kitenge chake mwenyewe. Ndipo nikaliona tundu kwa ndani. Mwisho wake sakafu inakatika ghafla na kuwa shimo, na juu yake kuna jiwe limejitokeza. Ukija na kichwa, kichwa kinainamia shimoni na mgongo unakwama kwenye jiwe, huendi mbele wala nyuma, na hapo zamani alikuwa anakungoja mwanamke na mchi. Ukija na miguu, inapata ngazi, unasimama. Waliojenga hawakuwaza uongo wala ukweli. Waliwaza adui.

Nililia mpaka kamasi zikaingia mdomoni. Sijapata tena nafuu kama ile, hata siku nilipojifungua salama. Jioni Bibi alikula mtori wa mama, akasema umepungua chumvi, na mama akacheka peke yake jikoni.

Mwaka uliofuata ng'ombe mwingine wa baba mkubwa akavimba, akafa. Safari hii bwana mifugo alimpasua, akatoa tumboni donge la mifuko ya nailoni. Baba mkubwa alikuja kwetu na jani la isale mkononi, ambalo kwetu ukiletewa ni mtu anaomba radhi, na huwezi kumkatalia. Mama akalipokea, akamkaribisha chai.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza Bibi kuhusu Terezia. Alikuwa anapukuchua maharage.

"Yule nilikuwa na hasira naye, nikanyamaza. Alilia humo gizani, uso wake na wangu karibu hivi. Nilipomsikia mama yako anasali nikasema, sitakaa tena humu na kilio cha mtu."

Sikumhukumu. Lakini niliacha kuamini kwamba mawe yanajua kitu. Anayejua ni mtu aliyekaa ndani, na yeye ndiye huamua kusema au kutosema.

Sasa Bibi hayupo, na mwanamke mkubwa wa ukoo ni mama. Mdogo wangu alipomleta mchumba kutoka Mbeya, binti hata mkoba hajautua, mama alimshika mkono akampeleka ngomeni. Walirudi wote wawili na vumbi mpaka kwenye kope, binti anacheka, anauliza ile ilikuwa ya nini.

"Ni mlango wa nyumbani," mama akamjibu. "Nimeona uujue leo, kabla mtu hajakukasirikia."